Jinsi ya kufanya kiti cha ofisi kigeuke na wewe, kwa wale tunaogeukia printa kutwa nzima

Kabla hujasoma zaidi fanya hivi hapo hapo ulipo. Kaa kama unavyokaga siku zote, mikono kwenye kibodi, alafu geuka uchukue kitu kilichopo nyuma yako upande wa kulia, usijifikirie sana, geuka tu kama vile umeitwa na bosi. Sasa angalia magoti yako yameelekea wapi. Kama magoti bado yapo chini ya meza yanaangalia mbele huku mabega yameshafika nyuma, basi kazi yote ya kugeuka umeupa mgongo na kiti kimekaa tu kama kigoda. Kama magoti yamekuja pamoja na mabega, kiti chako kinafanya kazi yake, unaweza ukaruka ukaenda kwenye sehemu ya grisi huko chini.

Mimi natengeneza viti vya ofisi hapa Arusha, vingi vya mtumba, vingine ni vile vya bei chee vya dukani ambavyo mwaka haujaisha vimeshaanza kulia, na wateja wangu wengi ni ofisi za utalii, steshenari, famasi na mawakala wa pesa. Wote hao kazi yao ni kugeuka tu: mteja yupo mbele, kompyuta kushoto, printa nyuma, mashine ya EFD (ile ya risiti) pembeni, droo ya hela chini ya kiwiko. Malalamiko yanafanana, "fundi hiki kiti kinaniua kiuno", na karibu kila mtu anataka nimbadilishie sponji. Sponji mara nyingi haina kosa. Kuna kitu kinazuia kiti kisizunguke, au kinamzuia mtu asizunguke na kiti chake, na ukikitafuta kwa utulivu unakiona, na mara nyingi hakitaki hela ya maana.

Tuwekane sawa kwanza kuhusu mgongo. Pingili za kiunoni zipo tano na kila moja inageuka digrii moja au mbili hivi basi, kwa sababu viungo vyake vya nyuma vimesimama wima na ukijaribu kuzizungusha vinagongana, zile kazi yake ni kuinama na kuinuka. Pingili za kifuani, hizi zilizoshika mbavu, ndio zinazogeuka, kama digrii 30 na kitu kwa jumla, na shingo inaweza kufika karibu 80 kila upande. Ukiwa umesimama nyonga na miguu vinamalizia kilichobaki wala huhisi kitu. Ukikaa, makalio yameganda, nyonga imefungwa, na kile kipande ambacho miguu ingekichukua kinabaki hewani mpaka kiti kikichukue. Kisipokichukua kiuno kinalazimishwa kufanya kitu ambacho hakikuumbiwa.

Kugeuka kwenyewe hakuna ubaya, msitishane. Mtu anayekaa kama sanamu kwa masaa nane ana hali mbaya kuliko anayegeuka geuka. Kibaya ni kuinama na kujipinda kwa wakati mmoja alafu umeshika mzigo, na mzigo wa ofisini ni ule unaoudharau, rimu moja ya karatasi za A4 ina kama kilo 2 na nusu na watu wengi wanaziweka droo ya chini kabisa, nyuma ya kiti. Na kama una ganzi inayoshuka mguuni au maumivu yanayofika mpaka unyayoni, hiyo sio kazi ya fundi viti, nenda hospitali kwanza.

Wenzetu waliligundua hili zamani. Mwaka 1849 kule Marekani Thomas Warren alitengeneza kiti chenye springi kinachozunguka na kuyumba kila upande, kikapelekwa kwenye yale maonyesho makubwa ya London ya 1851. Charles Darwin naye alikifunga matairi kiti chake cha kusomea ili awe anateleza kutoka kwenye meza moja kwenda nyingine bila kunyanyuka. Ila waliolifikiria suala la kujigeuza hasa ni wa juzi juzi. Peter Opsvik wa Norwei alitoa kiti kinaitwa Capisco mwaka 1984, kalio lake, yaani sehemu ya kukalia, lina umbo la tandiko la farasi na egemeo ni jembamba, unaweza kukaa ubavu, unaweza hata kukaa kinyume kifua kikaegemea kwenye egemeo. Alafu 2009 Wajerumani wa Wilkhahn wakaja na kile kinachoitwa ON, chini ya kalio kuna mikono miwili ya chuma inayocheza kila mmoja kivyake, nyonga ikigeuka kidogo kalio linaifuata. Bei zake tusiongelee, tusije tukaharibu siku. Ila mawazo yake hayauzwi, na ukiyaelewa unaweza kukifanya kiti cha kawaida cha mtumba kikakaribia hapo: mabega yawe huru, mikono isigonge popote, kalio liende nyonga inapoenda, na miguu iwe na sehemu ya kukanyaga.

ANZIA CHINI YA MEZA

Najua umekuja kusoma habari za kiti, ila inama uangalie chini ya meza yako. Nina uhakika wa asilimia kubwa kuna CPU hapo, au UPS (lile boksi la betri la umeme ukikatika), au boksi la mafaili ya mwaka juzi, au viatu vya kubadilisha. Ili kiti kizunguke magoti yanachora nusu duara kule chini, yakikuta CPU upande wa kulia basi wewe hugeuki kulia, kiti hata kiwe cha milioni. Mwili unajua kabisa pale kuna kitu kwaiyo unaacha magoti mbele na kupinda kiuno, wala hufikirii.

Kuna mama mmoja mwenye famasi Moshi aliniitia kiti. Nimefika, "Shikamoo mama", "Marahaba baba, afadhali umekuja, hiki kiti nataka ukitupe unitafutie kingine." Nikamwomba akae na ahudumie wateja wake kama kawaida mimi nisimame pembeni tu. Kila akigeukia shelfu ya dawa za maji alikuwa anashika ukingo wa meza kwa mkono wa kushoto, anajivuta, mabega yanaenda, magoti yapo pale pale. Nikapiga goti nikachungulia. Ndani kwenye mbao ya pembeni ya meza kulikuwa na alama ya duara iliyochubuka, usawa wa goti lake kabisa, na nusu hatua kutoka hapo imekaa UPS ya betri ambayo alisema yenyewe imeshakufa siku nyingi. Tukaitoa. Akazunguka. Akaniangalia kwa jicho la kutoniamini, "Sasa nakulipa nini?" Nikamwambia mama usijali, nakukazia na bolti za egemeo alafu utanipa ya soda.

Kwaiyo hatua ya kwanza ni hiyo, ondoa kila kitu chini ya meza mpaka pembeni ya magoti kubaki wazi kama sentimita 30 kila upande. CPU ipande juu au ihamie mwisho wa meza.

Ya pili ni urefu. Meza nyingi za hapa kwetu zinazochongwa na mafundi seremala zina sentimita 75 mpaka 78, na mtu mfupi akizifuata anapandisha kiti mpaka visigino vinaning'inia, na mtu asiyekanyaga chini hawezi kukizungusha kiti, kiti kinazungushwa na miguu bwana. Watu wanaweka kiboksi cha kukanyagia mbele, sawa, kinasaidia ukiwa umeangalia mbele, ukigeuka miguu inabaki kwenye boksi na tumerudi kule kule. Mimi nashauri kata miguu ya meza. Watu wanashtuka nikisema hivi, ila seremala na msumeno ni dakika chache, unapunguza sentimita 3 au 4 na umemaliza kesi, rahisi kuliko kununua kiti. Kama meza sio yako au ni kaunta ndefu ya mapokezi, hapo tafuta kiti kirefu chenye ringi ya kukanyagia inayofungwa kwenye bomba la gesi, lile linalopandisha na kushusha kiti, ringi inazunguka pande zote kwaiyo upande wowote utakaogeukia kuna chuma cha kukanyaga.

MIKONO YA KITI, ADUI NAMBA MOJA

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Watu wanapenda kiti chenye mikono kwa sababu kinaonekana cha bosi. Pitisha kidole kwenye ukingo wa meza yako pale unapokaa, ukikuta umechubuka, rangi imetoka, mbao imekuwa laini laini, hiyo ni mikono ya kiti chako inagonga kila ukijaribu kugeuka. Mkono wa kiti ukigonga meza mambo mawili yanatokea, ama kiti kinakwama nusu njia, ama unakaa mbali na meza ili kisigonge na ukikaa mbali unainama kufikia kibodi. Hasara kote.

Kipimo ni rahisi: kaa, sogea mpaka tumbo liwe karibu na meza, jizungushe kulia na kushoto. Mikono inatakiwa ipite chini ya meza bila kugusa, kama haipiti iteremshe, na kama haiteremki ing'oe. Kung'oa ni bolti mbili au tatu kila upande chini ya kalio, alenki namba 5 na namba 6 zinamaliza kazi mara nyingi. LAKINI kabla hujafungua angalia egemeo limeshikiwa na nini. Kuna viti, hasa vile vya bei rahisi vyenye mikono ya duara, ambapo mikono yenyewe ndio imeshikilia egemeo, hakuna chuma kingine nyuma. Ukifungua hiyo mikono ukakaa na kuegemea unaenda chali na sitaki lawama. Kama kati ya kalio na egemeo kuna chuma chake kinachopanda nyuma, hapo upo salama, ng'oa.

Ukishang'oa rudishia bolti fupi kwenye yale matundu usiyaache wazi, vumbi likiingia kwenye nati siku ukitaka kurudisha mikono haitaingia. Bolti isiwe ndefu kuliko ile uliyotoa ukiondoa unene wa mkono, ikizidi inatokea kwenye sponji na utaisikia.

Ukiona unahitaji mikono kweli, labda una bega linasumbua, tafuta ile mifupi inayoishia katikati ya kalio, isiyofika mbele.

EGEMEO

Kwa mtu anayegeuka sana egemeo refu pana la kumkumbatia sio rafiki. Yale makubwa ya bosi yenye masikio pembeni, na hivi viti vya machalii wa gemu ambavyo siku hizi naviona mpaka kwenye ofisi za uhasibu, yanashika mabega yote mawili, yaani ukitaka kupeleka kiwiko nyuma kinagonga. Vilitokana na viti vya magari ya mashindano, vimekusudiwa mtu asichomoke kwenye kona, ofisini hakuna kona.

Unachotaka ni egemeo lenye upana chini, kwenye kiuno, na linalokonda likienda juu, likiishia chini kidogo ya makombe ya mabega au likiyapita basi liwe jembamba. Kile kinundu cha kushika kiuno kiwe usawa wa mkanda wa suruali au juu yake kidogo, jaribu kukipandisha na kukishusha, vingi vina kitasa nyuma ambacho mwenye kiti hajawahi kukigusa toka akinunue. Egemeo la wavu nalipenda kwa ajili hii, linabonyea upande mmoja ukigeuka na upande wa pili linabaki limekushika, la ubao lenye sponji nyembamba halifanyi hivyo.

Na ile loki ya kulalia nyuma, ifungue. Watu wanafunga kiti kikae wima kama askari. Ukiifungua alafu ukakaza kile kirungu kilichopo chini ya kalio kulingana na uzito wako, egemeo linakufuata unavyocheza. Mwepesi alegeze, mzito akaze. Kipimo: ukiegemea liende taratibu, ukiacha likurudishe bila kukurusha.

KALIO

Fupi tu. Ukikaa mpaka nyuma, kati ya ukingo wa mbele na nyuma ya goti paingie vidole viwili au vitatu, pasipoingia kalio ni refu na utakaa mbele mbele bila egemeo. Ukingo wa mbele uwe umeteremka mviringo, usiwe mkali, maana ukigeuka paja moja linashuka kidogo na ukingo mkali unalikata. Kalio lisiwe shimo, yale yaliyochimbika sana pembeni yanashika nyonga isisogee hata kidogo. Kitambaa ni bora kuliko ngozi bandia: kwenye ngozi bandia unateleza wewe juu ya kiti badala ya kiti kwenda na wewe, na mwezi wa pili na joto la Moshi lile hutaki kukaa kwenye ngozi bandia. Sponji iwe ngumu kiasi, ukiizamia sana kugeuka kunakuwa kazi.

MIGUU YA CHINI NA MATAIRI

Hakikisha miguu ya nyota ni mitano. Bado naona mitumba ya zamani yenye minne na watu wananunua. Chukua nyota ambayo kutoka katikati mpaka kwenye tairi ni sentimita 32: yenye miguu minne, ukiegemea katikati ya miguu miwili unabakiwa na sentimita 23 hivi kabla haijapinduka, yenye mitano unabakiwa na 26. Mtu anayegeuka huku kajinyoosha kuchukua faili anazihitaji hizo tatu.

Matairi sasa. Viti vingi vinakuja na matairi magumu ya plastiki ambayo yametengenezwa kwa ajili ya zulia, na ofisi za Arusha ni tailsi, terazo, au saruji iliyong'arishwa. Matokeo yake ukigeuka kiti hakizunguki, kinakimbia, unajikuta umefika ukutani na bado hujachukua ulichotaka, kwaiyo unajifunza kukishikilia kwa miguu na ukikishikilia ndio hivyo tena, kiuno. Tafuta matairi yenye mpira laini kwa nje. Kijiti chake kingi ni cha milimita 11, vichache ni 10, chomoa kimoja ukaende nacho dukani usibahatishe. Kuchomoa ni kukivuta kwa nguvu moja kwa moja au kukitekua kwa bisibisi bapa kama wenzo.

Ukishakichomoa angalia kwenye ekseli. Utakuta nywele. Kama ofisi ina kinadada waliosuka rasta utakuta kamba nzima imejiviringisha, na nyuzi za zulia, na vumbi la Arusha limeshikana humo mpaka tairi haizunguki, inaburuzwa tu. Kata kwa wembe, vuta kwa plaizi, rudishia. Tone moja la oili, sio zaidi, ikizidi vumbi linaganda upya.

Kwa mtu ambaye hasogei kabisa, keshia mfano, kila kitu kipo umbali wa mkono, mimi natoa matairi yote matano naweka vile vikanyagio vya plastiki vya kijiti hicho hicho. Kiti kinazunguka tu hakitembei. Mwanzoni wanalalamika, baadae wanaleta na kiti cha mwenzao.

GRISI

Hii ndio sehemu ambayo karibu hakuna anayeijua na ndio inayorudisha kiti kwenye uhai. Kiti kinachozunguka kwa kukwama, au kinacholia krii ukigeuka, gesi yake haijafa. Chini kabisa ndani ya bomba kuna beringi ndogo bapa, gololi zake zimekaa kwenye ringi katikati ya washa mbili, uzito wako wote unazungukia hapo. Inakauka, inaingia vumbi, basi.

Pindua kiti miguu juu, kiweke kwenye kochi au boksi. Katikati ya nyota utaona kitundu cha bomba na ndani yake kiklipu kidogo cha chuma. Kisukume kwa bisibisi bapa na ukishike kwa kitambaa maana kinaruka na kikiruka utakitafuta mpaka jioni. Chini yake kuna washa, itoe. Sasa vuta nyota juu, inatoka pamoja na bomba la nje, na unabaki na fimbo nyembamba ya gesi imesimama na vitu vyake: mpira, washa, beringi, washa. Mpangilio unaweza kutofautiana kiti na kiti kwaiyo kabla hujagusa chochote piga picha na simu. Nimekuambia.

Osha beringi na washa zake kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani mpaka gololi zing'ae, kausha. Ukikuta gololi zimepungua au washa imechimbika mfereji badilisha, peleka kwenye maduka ya beringi, watakupimia. Paka grisi ya kawaida ya beringi za gari, ile nzito, ijae kwenye gololi, isimwagike nje. Futa na bomba kwa ndani, kuna mrija wa plastiki humo, kama umelika mpaka kiti kinayumba kulia na kushoto grisi haitakusaidia, nunua gesi nzima. Rudisha kama kwenye picha, washa ya chini, klipu, na usikie ikilia tak kwenye mfereji wake. Simamisha kiti, kaa, sukuma sakafu kwa kidole gumba kimoja cha mguu. Kinatakiwa kizunguke robo duara bila kelele.

Angalizo moja zito. Lile bomba lina gesi ya naitrojeni imeshindiliwa. Usilitoboe, usilichomelee, usilipashe moto ili litoke kwenye nyota. Nimeona kijana mtaa wa Unga Limited anataka kuchomelea bomba ili kiti kisishuke, nikamtoa mbio. Kama kiti kinashuka chenyewe ukikaa, gesi imeisha, hairudishwi, inabadilishwa nzima. Bomba linakuwa limebana kwenye nyota kwa umbo la kukonda, halina bolti: oili ya kulegeza kutu, subiri, alafu piga nyota kwa nyundo kuzunguka huku umeshika bomba kwa spana ya bomba. Mtu mzito aombe gesi ya klasi 4, inaandikwa ubavuni kwenye bomba.

UKIENDA KUNUNUA MTUMBA

Iwe soko la Memorial pale Moshi au popote Arusha, usinunue kwa kuangalia. Kaa na muuzaji akuvumilie. Pandisha na kushusha. Kaa dakika kadhaa ukiwa umepandisha uone kama kinazama. Inua miguu yote alafu mwambie akuzungushe, usikilize. Jinyooshe ubavuni uguse sakafu kwa vidole, kiti kisiinue mguu. Weka mikono kwenye meza ya kufikirika na ugeuke upande wa mlango, viwiko visiguse kitu. Pindua uangalie nyota, hasa kwenye maungio ya kila mguu na katikati, nyufa za plastiki zinaanzia hapo na nyota ya plastiki yenye ufa usiichukue hata upewe bure. Kitambaa kuchanika usijali, fundi makochi atakivalisha. Harufu ndio ujali.

Kama umepata kiti kilichooza juu lakini chini ni kizima, kwenye skrepa vipo kibao, chukua ile nyota, gesi na lile bati la chini. Plaiwudi ya milimita 18, upana sentimita 48, urefu wa kwenda nyuma 42, zungusha kona kwa msasa, gongelea nati zenye meno upande wa juu wa ubao kwenye matundu ya bati, gesi ikae katikati ya ubao na usiilete mbele, ikija mbele ukigeuka makalio yanarushwa nje kama mkia na kiti kinaelemea nyuma. Sponji ngumu ya sentimita 5, kitambaa, stepla. Egemeo dogo la kiunoni tu kwa chuma bapa kilichokunjwa. Wakala wa pesa mmoja wa mtaa wa Sakina anakalia cha hivyo na hataki kusikia habari ya kingine.

KUPANGA MEZA

Kiti kikishazunguka vizuri usikiharibie kazi. Kitu unachokigusa kila mara, EFD, mausi, muhuri, kiwe ndani ya kiwiko mpaka kidole, sentimita 40 hivi. Cha mara moja moja kiwe mkono ukiunyoosha. Cha zaidi ya hapo simama ukakichukue, na rimu za karatasi zitoke droo ya chini zipande usawa wa kiuno. Printa usiiweke nyuma ya mgongo, iweke pembeni kwenye kona ya meza ili robo mzunguko ikufikishe, ukizunguka anza na miguu, mabega yafuate. Na kama printa ipo siku zote kulia, hamisha upande baada ya miezi kadhaa.

Alafu baada ya wiki moja ya kukitumia pindua kiti tena ukaze bolti zote, za egemeo hasa, zinalegeaga wiki ya kwanza na baada ya hapo zinatulia.